Mstari wa Saba

Wendell Grabowski alipofariki, mwezi wa Oktoba,
aliniachia timu: kadi ishirini na tano
ndani ya kopo la biskuti,
na daftari lenye harufu ya sigara
alizoacha kuvuta miaka kumi nyuma.
Mjane wake alinikabidhi mlangoni, mtaa wa Cascade,
theluji ya kwanza ya Erie ikimwangukia kwenye ndara.
"Alisema wewe ndiye unayehesabu."

Kweli nahesabu. Usiku nahesabu mashuka ya hospitali,
Jumanne nahesabu besiboli,
mchezo ambao sijawahi kuucheza kwa miguu.

Ukurasa wa kwanza: "Usitazame jina."
Funika jina kwa kidole gumba, soma mstari wa saba,
kwa kuwa dadu mbili nyeupe huirudia saba
kama paka jikoni.
Mwenye sifa akiwa na saba tupu, waachie wengine wamgombanie.
Siku ya kugawana wachezaji Verna alimchukua shujaa wa picha,
kifua mbele, rungu begani.
Mimi nikamchukua Odell Frisby, mfupi, mnene,
asiyepiga mbali hata kwa bahati mbaya,
ila hufika kituo cha kwanza kwa kuvumilia tu,
mipira mibaya ikipita, yeye kimya.
Walicheka. Hadi Desemba walikuwa wamenyamaza.

Utotoni niliambiwa mchagua jembe si mkulima.
Hapa hakuna kulima.
Hapa unachagua jembe, halafu mvua ni dadu.

Ukurasa wa tisa, kwa wino mwekundu:
"Nusu ya mchezo imo kwenye kadi ya mrushaji."
Dadu nyekundu ikitoa nne, tano au sita
mpigaji wako si kitu, msome aliye mbele yake.
Tafuta basi mrushaji bahili, asiyegawa njia ya bure,
na umpumzishe kabla hajachoka, si baada.

Ukurasa wa kumi na nne una doa la kahawa na neno moja: "Subiri."
Sijui alimaanisha nani, au nini.
Nimesubiri uhamiaji, nimesubiri basi namba tano kwenye barafu.
Sikuhitaji daftari kwa hilo.

Fainali ilikuwa Machi,
chini ya ukumbi wa wazimamoto wastaafu.
Mimi nimekulia kwenye dhumna, meza ikipigwa ikalia;
hawa hurusha dadu ndani ya kifuniko kilichotandikwa kitambaa,
taratibu, kama wanaogopa kumwamsha mtu.
Zamu ya tisa. Tunaongoza kwa moja.
Wawili wao wametolewa, mmoja yuko kituo cha pili.
Verna, dereva wa winchi miaka thelathini,
akamwinua kutoka benchi Lester Quade, apigaye kwa kushoto,
kadi kukuu, pembe zimeliwa.

Nilikuwa nimemficha mrushaji wangu wa kushoto tangu zamu ya sita,
ingawa kila mtu mezani alinong'ona, mtumie, mtumie.
Ukurasa wa ishirini na mbili:
"Silaha ya mwisho haitolewi kwa hasira."
Sikuwa na hasira. Nikamtoa.

Nyekundu: mbili. Kadi ya Quade.
Nyeupe: sita,
na nyingine ikazunguka konani kama inafikiri,
sita.
Safu ya pili, mstari wa kumi na mbili,
mstari pekee wenye sumu katika safu ile.
Mpira ukavuka ukuta ambao hakuna aliyeuona.

Mara moja katika mia mbili na kumi na sita.
Nilikuwa nimeshapiga hesabu Verna akiwa bado anavua miwani.
"Ningefanya hivyo hivyo," akasema,
akanisukumia bakuli la karanga.
Hakuna aliyenipa pole. Niliwashukuru kwa hilo.

Nilifika nyumbani saa saba usiku.
Saba, imechelewa kama kawaida yake.
Nikafungua ukurasa wa ishirini na mbili,
na chini ya mwandiko wake uliolala upande
nikaandika tarehe, matokeo,
na maneno mawili:
Sahihi. Rudia.